Usiguse kopo la mwenzako!

Mimi mwezi huu sina la kujidai. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwapa ushauri kwenye ukurasa huu: ongeeni, sikilizaneni, ulizaneni kabla ya kuamua. Jamani, leo zamu yangu. Nimeharibu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, na kabla ya kuandika nilimwomba mume wangu ruhusa. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Andika tu. Labda itamsaidia mtu."

Basi nawaandikia.

Kopo kutoka Iringa

Mwaka jana tulimzika bibi yake mume wangu, kijijini kwao mkoani Iringa. Alikuwa na miaka tisini na kitu, mwaka wenyewe wa kuzaliwa hakuna aliyekuwa na uhakika nao. Msiba ulipoisha wazee wakakaa kugawa vitu vyake, na si kwamba vilikuwa vingi: khanga, masufuria, jembe, redio iliyokufa siku nyingi. Mume wangu ndiye mjukuu mkubwa wa kiume, yeye akapewa kopo la biskuti. Kopo la zamani, la bati, limeliwa na kutu pembeni na kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Ndani yake mlikuwa na medali nne za babu na makaratasi yake ya jeshi. Babu alikuwa keya.

Kwa nyie mliozaliwa juzi, keya ni askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku kwetu Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902. Wazee walizisoma zile herufi tatu, KAR, wakapata keya. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, vijana wengi wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, waliingizwa humo. Babu aliingia mwaka 1942 na akaishia Burma, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanmar, kupigana na Wajapani. Hebu fikiria kijana wa Iringa ambaye alikuwa hajawahi hata kuiona bahari!

Tuliporudi Dar, mume wangu aliliweka lile kopo juu ya kabati chumbani. Akasema, "Hili tutalifungua na baba, Desemba nikipata likizo. Nataka anisomee moja moja." Nilisikia. Yaani nilisikia kama tunavyosikia siku hizi, macho kwenye simu, mdomo unasema "sawa, mpenzi."

Zawadi ya miaka arobaini

Mwezi Septemba mume wangu alikuwa anatimiza miaka 40. Mimi Mgogo, yeye Mhehe, na si unajua tena, hao ni watani zangu. Kila mwaka anabeba zawadi yangu na kuuliza kama nimeikopa. Nikasema mwaka huu nitamfunga mdomo.

Aliposafiri kikazi kwenda Mwanza, nikalishusha kopo. Medali zilikuwa nzuri, ila zimefifia. Mbili zilikuwa nyota za rangi ya shaba zenye pembe sita, katikati taji na herufi za mfalme. Moja imeandikwa 1939–1945, nyingine imetajwa Burma. Mbili nyingine zilikuwa za mviringo, zina kichwa cha mfalme George wa Sita. Moja kati ya hizo, ukiigeuza, unaona simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Tepe zake zimechakaa lakini rangi bado zinaonekana. Ile ya Burma ni buluu iliyoiva, ina mstari mwekundu katikati na rangi ya chungwa pembeni.

Chini ya medali, makaratasi. Yalikuwa ya njano, yametobolewa na wadudu, mengine yameshikamana kwa kutu ya pini. Yalinuka. Niliona karatasi iliyopigwa chapa kwa Kiingereza, alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau, na kitabu kidogo chenye safu za tarakimu, shilingi na senti, ukurasa baada ya ukurasa. Nikaona ni hesabu za miaka themanini iliyopita, za nini? Nikayaweka kwenye mfuko wa plastiki karibu na mlango wa jikoni.

Halafu nikachukua Brasso na kitambaa, nikasugua. Weee! Zikawaka kama jana. Nikazipeleka kwa fundi wa fremu Kariakoo, akaziweka kwenye kitambaa chekundu, kioo mbele, fremu ya dhahabu. Bei siitaji, maana na yeye anasoma gazeti hili.

Siku ya sherehe nilijiona mke wa mwaka. Mume wangu alifungua, akatabasamu, akanikumbatia mbele ya watu. Fremu ikazungushwa mkono kwa mkono mpaka ikamfikia mzee mmoja jirani yetu, mstaafu wa jeshi. Aliitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Hongereni," akasema. "Na vyeti vyake viko wapi?"

"Vipo kwenye kopo," mume wangu akajibu. Kisha akanitazama.

Wapenzi wasomaji, nimeolewa miaka tisa. Sijawahi kutazamwa vile.

Wageni walipoondoka nilimwita dada wa kazi. Nikamuuliza kuhusu ule mfuko. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, si ulisema taka? Mengine yalienda na gari la taka. Yale makavu nilikuwa nawashia mkaa."

"Na kale kakitabu?"

"Hako ndiko kalikowaka vizuri."

Halafu akaenda chumbani kwake, akarudi na picha moja. "Hii sikuchoma. Ina sura ya mtu, niliogopa." Nampa pongezi hapa hapa gazetini. Katika nyumba yetu siku ile alikuwa na akili kuniliko.

Medali haina jina

Kwanza sikuelewa kwa nini mume wangu aliumia namna ile. Si medali zipo? Tena zinang'aa! Yule jirani ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza, medali za Waingereza nyingi zilichongwa jina na namba ya askari pembeni. Vita ya Pili, medali walizopewa askari wa Uingereza na hawa keya wetu zilitoka bila jina. Nyota ya Burma ya babu ni sawasawa na nyota ya Burma ya mtu mwingine yeyote. Ukiziweka mbili mezani, hata mwenyewe angefufuka asingejua ipi ni yake.

Kilichokuwa kinasema "hii ni ya fulani, wa kijiji fulani" ni yale makaratasi. Cheti cha kuachishwa jeshi kilikuwa na jina lake, namba yake, siku aliyoingia, siku aliyotoka, na tabia yake kazini. Bila hivyo, ukutani kwangu nina vipande vinne vya chuma vya mfalme wa watu. Na hata lile vumbi nililolisugua lilikuwa na thamani. Watu wanaojua mambo haya hawazing'arishi medali za zamani, maana kila ukisugua unakula na chuma chenyewe. Michoro ya simba wangu sasa imelainika kama sabuni iliyotumika.

Kila siku nikienda kazini napita Posta, kwenye ile Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita ya Kwanza. Nilikuwa napita tu. Sasa nikifika pale namtazama yule askari na bunduki yake, najiuliza yeye ni nani, wa wapi, aliacha nani nyumbani. Hana jina. Na mimi nimempa babu yake mume wangu hali hiyo hiyo, kwa fremu ya dhahabu.

Ng'ombe asiuzwe

Wiki tatu mume wangu hakugomba. Angegomba ningeshukuru. Alikuwa anarudi, anakula, anauliza "luku umenunua?", anageukia ukutani. Mwanaume akigomba unajua pa kumshika. Akinyamaza unabaki kujipikia chai saa tisa usiku.

Desemba tulikwenda Iringa kama ilivyopangwa. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Tulipofika nikampigia baba mkwe magoti, "Shikamoo baba," na kabla sijanyanyuka nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, hukujua." Nikaanza kupumua. Akaongeza, "Lakini ungeuliza."

Maneno hayo mawili yananifuata mpaka leo.

Ndipo mume wangu akatoa ile picha. Babu yumo amevaa kaptura na kofia ya keya, amesimama kama mti, nyuma yake pazia lililochorwa maua. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio ya Colombo, mwaka 1944, na mwandiko wa mtu mwingine, maana wakati ule babu alikuwa hajui kuandika. Maneno yenyewe ni machache: "Niko mzima. Ng'ombe asiuzwe."

Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. Halafu akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Akatusimulia. Babu alipoondoka, bibi alikuwa mke mpya, hana hata mtoto. Kulikuwa na ng'ombe mmoja jike. Chakula kikawa cha shida, ndugu wakamwambia bibi auze, mumeo huyo harudi. Na si kwamba walikuwa wanatia chumvi. Keya wengi walipanda meli Mombasa kwenda Siloni, ambayo leo ni Sri Lanka, kabla ya kupelekwa Burma. Februari 1944 meli moja iliyotoka Mombasa, Khedive Ismail, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache, na karibu watu 1,300 walikufa, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Habari za namna hiyo zikifika kijijini, hata vipande vipande, nani angemshauri mke asubiri?

Bibi akatafuta mtu wa kumwandikia barua. Akauliza: ng'ombe auzwe? Jibu likaja na picha.

Sasa kama ng'ombe hauzwi, utakula nini? Hapo ndipo kinaingia kile kitabu nilichokiona ni hesabu za ovyo. Keya waliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikalipwa nyumbani kwa familia. Babu alikuwa amemwandikisha bibi. Kwa hiyo bibi alikuwa akitembea kwa miguu mpaka bomani, anachukua shilingi zake, anarudi. Babu aliporudi na kitabu chake, wakakaa wawili wakakipitia: mwezi huu nilikatwa hizi, wewe ulipata ngapi? Bibi hakuwa anajua kusoma, lakini kwa kuelekezwa alikuwa anakumbuka kila mwezi, mvua ilikuwa wapi na alilala kwa nani njiani. Baba mkwe anasema utotoni mwake zile safu za tarakimu ndizo zilikuwa hadithi za usiku. Medali hazikutolewa. Kilichotolewa ni kitabu.

Na yule ng'ombe? Hakuuzwa. "Ndama wa ndama zake ndio walionilipia ada," akasema baba mkwe.

Hebu niambie, msomaji. Babu alipewa medali nne. Bibi hakupewa hata moja. Kitu pekee kilichoandika kwamba na yeye alikuwepo kwenye vita ile ni kile kitabu kidogo, na mimi nilikipikia maharage.

Tulichookoa

Tulikaa siku nne. Nilinunua daftari dukani kijijini, mume wangu akawasha simu kurekodi, baba mkwe akasema. Shangazi wawili wakaja, kila mmoja na yake, wakabishana sana kuhusu rangi ya ng'ombe.

Namba ya jeshi ya babu hakuna aliyeikumbuka. Hiyo imekwenda. Lakini baba mkwe alikumbuka babu alivyokuwa akijitambulisha kwa keya wenzake kilabuni: "Sisi wa Thelathini na Sita." Ilitosha kutupa pa kuanzia. Kikosi cha 36 cha KAR kilikuwa cha Watanganyika, na kilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo mwaka 1944 ilisukuma Wajapani kupitia bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, kwenye matope na malaria, mpaka ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwezi Desemba. Mume wangu alipomsomea baba yake hayo, mzee akasema, "Ndiyo maana alikuwa hapendi mvua." Alikuwa anaifahamu tabia hiyo ya baba yake tangu utotoni. Sababu aliipata akiwa na miaka zaidi ya sabini.

Usiku wa mwisho mume wangu aliniambia, "Wewe Mgogo, umetuletea kazi." Utani ulirudi. Nililia kimya kimya kwenye mto.

Kama na nyie mna kopo

Usiseme kwetu hakuna. Kama si babu aliyekuwa keya, wapo baba zetu waliopigana Vita vya Kagera mwaka 1978 hadi 1979, na wengi bado tunao. Haya nimejifunza kwa gharama, wewe chukua bure:

1. Usisugue medali. Acha Brasso, acha ndimu na majivu. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu laini, basi.

2. Usitenganishe medali na makaratasi yake. Kama huwezi kuviweka kwenye chombo kimoja, piga picha ya pamoja na uandike kila kimoja kipo wapi.

3. Toa taratibu pini, klipu na mipira, maana kutu inakula karatasi. Usipige laminesheni, usitie gundi wala selotepu. Bahasha safi ya karatasi, sehemu kavu, mbali na mchwa na jua.

4. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, hata ulio mtupu. Watumie ndugu wawili au watatu. Simu huibiwa.

5. Picha za watu andika nyuma kwa penseli, tena kwa wepesi: nani, wapi, lini. Kalamu ya wino inapenya.

6. Mzee akiwa hai, mfungulie kopo akiwepo. Karatasi ina jina na tarehe. Yeye ndiye mwenye habari za ng'ombe.

7. Na hili ndilo la ukurasa wetu: muulize mwenzako, "Hapa ndani, kitu gani nisikiguse?" Kila mtu anacho. Inaweza kuwa shati la marehemu kaka yake, kadi za kliniki za mama yake, risiti ya kiwanja cha kwanza. Kwako wewe ni takataka. Usimpangie mwenzako kumbukumbu zake, hata kama unampenda. Hasa kama unampenda, maana ndipo unapojiona una haki.

Mlitegemea niwaambie tumemaliza, yameisha? Ningependa. Picha ya babu ipo sebuleni, na pembeni yake tumeweka nakala ya yale maneno ya nyuma, mtu asome bila kuigusa. Daftari lipo ndani ya kopo, juu ya kabati, limefungwa kwa ule ule mpira wa baiskeli. Lakini ile fremu ya dhahabu iko nyuma ya kabati, imegeuzwa ukutani. Hajaitundika. Mimi sijauliza. Nangoja aseme mwenyewe, na safari hii akisema nitaweka simu chini.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Na wewe unayesoma hii huku mwenzako yuko pembeni, hebu mgeukie sasa hivi umuulize lile swali.